Yeye Kilwa, Mimi Mang'ula

Mume wangu alikuwa anachambua miiba ya perege aliposema kwamba atastaafu bila mimi.

Hakusema kwa ugomvi. Alisema kwa sauti ile ile anayotumia kuniambia chumvi imepungua. Ilikuwa Jumapili, tumetoka misa ya pili, na watoto wetu wote wawili walikuwa nyumbani Ifakara. Binti yetu mkubwa alitoka Morogoro, mdogo wake wa kiume alitoka Dodoma. Tuliwaita sisi wenyewe ili tuzungumzie mahali pa kuhamia. Mimi nilijua kitakachotokea: baba yao atavutia baharini, mimi nitavutia milimani, watoto watacheka, halafu watamshauri baba yao anisikilize. Nilikuwa nimepika wali wa nazi makusudi, ili akishindwa ashindwe akiwa ameshiba.

"Basi," akasema, akaweka mwiba pembeni ya sahani. "Tumeshauriana vya kutosha. Mama yenu atakwenda Mang'ula. Mimi nakwenda Kilwa."

Nilicheka. Nilidhani ni utani wake.

"Kwa likizo?" mwanangu akauliza.

"Kuishi."

Nje mashine ya kukoboa mpunga ya jirani ilikuwa inanguruma, maana yeye hata Jumapili hapumziki. Binti yangu alimwangalia baba yake, akaniangalia mimi, akamrudia tena baba yake.

"Baba, mnaachana?"

"Nani kasema tunaachana? Mke wangu ni huyu hapa. Sina mwingine na simtafuti. Nazungumzia mahali pa kuishi."

Nilikuwa mkunga maisha yangu yote ya kazi. Nimeona damu, nimeona watoto wakitanguliza miguu, nimeona mama akizimia mikononi mwangu, na mikono hii haijawahi kukataa kufanya kazi. Siku ile nilishindwa kumega tonge. Niliangalia vidole vyangu juu ya wali kama vidole vya mtu mwingine.

Niseme kidogo sisi ni akina nani. Mimi nimezaliwa Ifakara, nimesoma hapo, nimefanya kazi hospitalini hapo mpaka nilipostaafu. Yeye ni mtu wa milimani, upande wa Mahenge, aliyeletwa bondeni na kazi ya reli. Alikuwa kituoni. Ndiye aliyewakatia watu tiketi, ndiye aliyepeperusha bendera, ndiye aliyesimama na taa mkononi behewa la mwisho likipotea. Tulifunga ndoa kanisani, tukajenga nyumba si mbali na mashine za mpunga, na kwa miaka yote hiyo nguo zangu nyeupe za kazi zilianikwa zikarudi na vumbi la pumba.

Watoto ndio waliotuambia tuhame. Ifakara ni mji mzuri kwa mwenye nguvu. Joto lake halina huruma, mbu wake hawana saa ya kupumzika, na masika moja maji ya mto yaliingia ndani mpaka usawa wa kitanda. Tulipandisha magodoro juu ya kabati, tukakaa kwenye meza ya chakula kama kuku, mume wangu na mimi, tukingoja mtumbwi wa majirani utupitie. Baada ya hapo binti yetu alikuwa akipiga simu kila mvua ikinyesha. "Mkistaafu msikae hapo," alikuwa akisema. "Nendeni mahali penye hewa."

Basi tukaenda kutafuta mahali penye hewa. Tulianza na Kilwa Masoko, kwa sababu yeye alikuwa ameitamani pwani tangu nimjue. Nilijitahidi. Lakini maji ya kisima yalikuwa na chumvi, chai ikawa kama dawa. Joto lilikuwa la unyevunyevu, nikapata vipele shingoni. Sikumjua mtu, na watu walikuwa wakisalimia kirefu mpaka nasahau nilikokuwa nakwenda. Mume wangu yeye alikunja suruali, akasimama kwenye maji, akatulia kimya. Nikamwambia wazi, "Baba, mimi hapa sikai."

"Sawa," akajibu.

Mwezi uliofuata tukaenda Mang'ula. Mdogo wangu wa kike ameolewa pale. Watu wa Lushoto wangecheka wakisikia naiita Mang'ula mji wa milimani, maana mji wenyewe uko chini, mlima ndio uko juu. Lakini ukitoka Ifakara unapumua. Asubuhi kuna ukungu, maji ya kijito yanashuka kutoka Udzungwa yakiwa ya baridi kweli, na jirani wa mdogo wangu alikuwa anauza nyumba ndogo yenye migomba nyuma. Nilisimama jikoni nikayasikia maji yanavyopita. Moyo wangu ukakaa. Mume wangu aliinua macho, akautazama ule mlima mrefu wa kijani, akasema, "Huu unanikalia kifuani."

"Utauzoea," nikamwambia.

"Sawa," akajibu.

Sawa zile mbili mimi nilizisikia kuwa ni sawa.

Jioni ya Jumapili ile watoto walikwenda mjini kusalimia marafiki, nadhani ili watuachie nafasi. Nilimkuta mume wangu uani, amekaa kwenye ndoo aliyoigeuza juu chini karibu na tangi la maji. Nikaleta ndoo nyingine nikakaa.

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Kuna mwanamke?"

"Hakuna."

"Unaumwa na hutaki kuniambia?"

"Siumwi. Mama, nisikilize." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nilipokuwa kijana nilipelekwa Dar es Salaam kwa mafunzo ya kazi. Kila jioni nilikuwa nakwenda kuiangalia bahari. Nikajiambia siku moja nitaishi mahali ninapoamka naiona. Nimekuambia habari hizi mara ngapi?"

"Mara nyingi. Lakini nilidhani ni mazungumzo tu."

"Yalikuwa mazungumzo tu kwa sababu kulikuwa na kazi na watoto wa kusomesha. Sasa kazi imekwisha na watoto wamesoma."

"Na mimi je?"

"Wewe umesema huwezi kukaa kule, na ninakuamini. Nikikulazimisha, utakonda. Mimi nikija Mang'ula nitakununia mpaka nife. Ninajijua. Nitakaa barazani nimenuna, utaniletea chai nimenuna. Sitaki kukununia uzeeni, mama. Hujanitendea baya la kustahili hilo."

Nilitaka kulia na machozi hayakuja. Kilichonitisha kuliko yote ni kwamba nilimwelewa. Ningeweza kupigana na upuuzi, lakini maneno yake hayakuwa upuuzi, na nilibaki nimekaa juu ya ile ndoo kama mtu aliyeshushwa na basi njiani akaachwa hapo.

Habari zilisambaa kabla watoto hawajarudi makwao. Ifakara ni mji wa baiskeli na bajaji, na habari hupanda zote mbili. Wanawake wa jumuiya yetu walikuja na sukari na majani ya chai kama watu waliokuja msibani. Padre alituita, akatusikiliza mmoja mmoja, halafu kwa pamoja, akavua miwani, akasema katika miaka yake yote amewasuluhisha watu waliopigana, waliodanganyana, waliofukuzana, lakini hajapata kuwasuluhisha watu wasiogombana. Akatuombea. Sikujua alikuwa anatuombea nini, na nadhani na yeye hakujua.

Kaka yake mume wangu aliteremka kutoka Mahenge. Ni mzee wa heshima, alikuja na koti katika joto lile na hakulivua mpaka kikao kilipokwisha. Tulimwamkia, akaitikia bila kututazama.

"Mtaje huyo mwanamke," akamwambia mdogo wake kabla hata hajanywa maji.

"Kaka, hakuna mwanamke."

"Mtaje, tumjue, yaishe. Wewe si wa kwanza. Hata mimi..." akakatiza, akakohoa. "Mtaje."

"Hakuna."

Shemeji akanigeukia mimi. "Shemeji, umemfanya nini ndugu yangu?"

"Hajanifanya kitu," mume wangu akajibu kwa niaba yangu. "Anapenda mlima. Mimi napenda bahari."

"Mlima!" Shemeji akasimama. Jasho lilikuwa linamtiririka ndani ya koti. "Wewe umezaliwa mlimani! Baba yako amezikwa mlimani! Hiyo bahari ni ya nani katika ukoo wetu?"

"Ya kwangu," mume wangu akasema.

Nimeishi na mtu huyu tangu nikiwa msichana. Nilikuwa sijapata kumsikia akisema kitu ni cha kwake. Hata baiskeli yake alikuwa akiiita baiskeli ya nyumbani. Nikamtazama kama mgeni aliyeingia bila hodi.

Kikao hakikuamua chochote. Shemeji alirudi Mahenge bila kula. Baada ya mavuno ya mpunga tuliipangisha nyumba, tukagawana vyombo bila maneno makali, yeye akachukua sufuria mbili na redio, na siku moja asubuhi nikamsindikiza stendi. Alinishika mkono kwa muda mrefu mbele ya watu, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi. Basi likaondoka. Nilisimama pale nikitegemea litageuka.

Mang'ula nilianza maisha kama mtu anayengoja. Nilitandika kitanda kwa watu wawili. Nilipika nyingi, nikampelekea mdogo wangu zilizobaki. Asubuhi nilikuwa naamka nasikia kijito na nyani wakigombana juu ya miti, naona ukungu umeufunika mlima nusu, na kwa dakika kadhaa nilikuwa na furaha kabisa. Halafu nakumbuka. Alikuwa akipiga simu kila siku baada ya chakula cha mchana, anauliza habari za magoti yangu, ananiambia amekula samaki gani. Nilikuwa namjibu kwa kifupi. Nilijua atachoka. Mtu haishi na maji.

Asubuhi moja, jua linachomoza, nilisikia sauti kama ya shuka linalochanwa nyuma ya nyumba. Nilikuwa nakoroga uji ndani, kwenye jiko la gesi. Nikafungua dirisha la nyuma nikiwa na mwiko mkononi. Mgomba wangu mkubwa ulikuwa unatembea. Nilivyouona ndivyo hivyo: unatembea, umelala, unakwenda. Halafu nikaona mkonga umeushika, na nyuma ya mkonga kuna ukuta wa kijivu wenye jicho.

Sikupiga kelele. Sauti haikutoka. Tembo aliutafuna mgomba taratibu, akaangusha mwingine, kisha akakisogelea kibanda cha kuni ambacho ndicho nilichohifadhia mahindi. Aliweka paji la uso kwenye ukuta kama mtu anayesali, akasukuma. Ukuta ukalala. Bati likashuka juu yake na hakujali. Upande wa pili wa ua nilimsikia mdogo wangu akipiga ukelele, "Dada, usitoke! Usitoke!" Nilikuwa siwezi kutoka hata ningelipwa. Nilibaki na mwiko wangu, uji ukiungua nyuma yangu, nikimtazama mnyama akila chakula changu cha miezi.

Askari wa hifadhi walikuja na makelele na mabaruti, wakamrudisha mlimani. Nilipopata sauti nilimpigia mume wangu.

"Umeumia?"

"Sijaumia."

Nikamsikia anapumua.

"Nakuja," akasema.

Alikuja. Alisafiri bila kupumzika, akashuka barabarani na shati limejikunja, macho mekundu, akanishika mabega, akanigeuza mbele na nyuma kama anayekagua mzigo. Halafu akaenda kuangalia kibanda. Kesho yake alitafuta fundi, wakaanza kujenga upya kwa tofali za kuchoma, yeye mwenyewe akichanganya udongo akiwa amefunga kitambaa kichwani. Nilimpikia kila alichopenda. Jioni tulikaa barazani, akinisimulia habari za Kilwa na mimi za majirani, na nikajiambia kimoyomoyo kwamba tembo ameweza yaliyoushinda ukoo, padre na jumuiya.

Kibanda kilipokwisha, asubuhi yake nilimkuta amefunga mkoba.

"Kibanda kimekaa vizuri," akasema. "Ukuta ule hatausukuma. Mahindi usiyaweke tena nje, yaweke ndani."

"Unakwenda wapi?"

Akanishangaa kwa dhati. "Kilwa, mama."

Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka kwa tembo. Tembo nilimtegemea, kila mtu Mang'ula huwa anakuonya habari zake. Hili sikuwa nimelitegemea hata kidogo. Alikuwa amekula meza moja na mimi, amelala kitanda kimoja na mimi, ametengeneza nyumba yangu, na muda wote huo alikuwa mgeni.

"Dada," mdogo wangu akaniambia alipokuja kunifariji, "mwanaume hasafiri umbali ule kuirudia bahari. Bahari haipiki. Kuna mtu anayempikia."

Hapo ndipo nilipoamini. Kwa kweli nilipata nafuu. Kama ni mwanamke, basi mambo yamekuwa ya kawaida.

Nilikwenda Kilwa bila kumwambia. Nilivaa vitenge vyangu vipya na viatu vilivyokuwa vinaniumiza. Nilipofika Masoko ilikuwa alasiri, nikamuuliza kijana wa bodaboda kama anamjua mzee mmoja mrefu wa kutoka bara, aliyekuwa wa reli.

"Yule babu wa kwaya?"

"Kwaya gani?"

"Ya kanisani. Si ndiye anayeimba besi?"

Nikamwambia hapana, huyo siye, maana mume wangu haimbi. Ifakara alikuwa anafumba mdomo misa nzima. Kijana akanipeleka hivyo hivyo. Tukafika kwenye nyumba ya bati yenye ua uliofagiliwa, na pale kwenye mkeka kulikuwa na mwanamke anachagua mchele.

Ndiye, nikasema. Alikuwa mtu mzima kama mimi, mnene kiasi, ana ushungi wa rangi ya zambarau. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Nikafungua mdomo.

"Karibu, karibu sana," akasema, akainuka kwa shida akiwa ameshika kiuno. "Ehe! Wewe si ndiye mwenyewe? Wa Mang'ula? Picha yako ipo chumbani kwake, naiona kila nikipeleka funguo. Karibu ukae bibie, umechoka. Mwenzio yuko majini na mzee wangu. Hao wakiingia humo hawatoki mpaka waitwe."

Nilibaki nimesimama na maneno yangu yote.

Nilielekezwa njia. Kwenye maji, hatua chache kutoka ufukweni, kulikuwa na wazee kama sita wamezama mpaka kifuani, vichwa vimetoka nje, wanazungumza. Wanaingia hivyo maji yakijaa, nilikuja kuambiwa, kwa ajili ya viungo. Maji yalikuwa yanawainua kidogo na kuwashusha, wote kwa pamoja. Mmoja wao akasema kitu, na mume wangu akacheka.

Sikuwa nakijua kicheko kile. Ninajua anavyocheka kwenye harusi, anavyocheka na watoto, anavyocheka akiwa na aibu. Hicho hakikuwemo. Kilitoka tumboni, akatupa kichwa nyuma, maji yakamwingia masikioni. Nilisimama mchangani na viatu vyangu vinavyoniumiza, nikahisi kama nimemfumania. Ningemkuta na mwanamke ningejua la kufanya: ningelia, ningemtukana, ningeita ndugu. Kwa kile nilichokiona hakuna mtu wa kumwita.

Akaniona. Wenzake wakageuka, na mmoja mmoja wakaanza kutoka kwa adabu, wakanisalimia na nguo zao zinachuruzika, wakaenda zao. Yeye akaja mwisho.

"Tembo amerudi?"

"Hajarudi."

"Watoto?"

"Wazima."

"Sasa?"

"Nimekuja kumwona mwanamke."

"Mwanamke yupi?"

Nikaanza kulia hapo hapo, yale machozi yaliyonikataa Jumapili ile ya perege yakaja yote, na yeye akasimama ameloa, hajui kama anishike au asinishike kwa kuwa ataniharibia kitenge. Mwishoni akanishika. Kitenge kikalowa.

Chumba chake kilikuwa safi kuliko chumba chochote alichowahi kukaa na mimi. Kitanda, chandarua, redio, zile sufuria mbili, na picha yangu nikiwa na sare ya kazi, ile ambayo nilidhani imepotea kwenye mafuriko. Alinipikia pweza. Alimpika vizuri mno, nikakasirika.

"Unaimba kwaya?"

Akaona aibu. "Kanisa ni dogo. Hawakuwa na sauti nzito."

"Kwa nini hukuimba Ifakara?"

"Sijui, mama. Kule kila mtu alishajua kwamba siimbi."

Kabla ya kulala akaniambia jambo jingine, na hili liliniketisha kitandani kabisa. Alisema akifia Kilwa azikwe Kilwa.

"Si Mahenge? Kwa wazee wako?"

"Hapa."

"Kaka yako atakufa kwanza kwa hasira."

"Ndiyo maana nakuambia wewe."

"Na mimi? Mimi nitazikwa wapi?"

"Hilo ni lako," akasema kwa upole. "Sitakuchagulia."

Nilikaa wiki moja. Chai bado ilikuwa mbaya. Vipele vilirudi. Mama mwenye nyumba, yule wa ushungi wa zambarau, alinifundisha kusuka ukili wa mkeka, nikashindwa, akacheka mpaka akashika ubavu. Jumapili nilikwenda kanisani nikakaa benchi la nyuma, na wakati wa komunyo nikaisikia sauti yake chini ya sauti nyingine zote, nzito, iliyonyooka. Nilitazama mbele. Sikugeuka, niliogopa akiniona ataacha.

Nilirudi Mang'ula, nikabadilisha kitanda. Nilinunua kidogo, cha mtu mmoja, na kile kikubwa nikakiweka chumba cha wageni, ambacho ndicho anacholala akija. Anakuja kabla ya Krismasi, anakaa mpaka mvua zinapoanza kuwa kubwa. Mimi naenda kwake mpunga ukishavunwa. Pasaka tunakutana Ifakara na watoto, tunakaa kwa rafiki zetu, maana nyumba yetu ina wapangaji. Binti yangu bado ananitazama usoni kila tukikutana, anatafuta kidonda. Shemeji nilimwambia habari za kaburi kwa simu. Alikata, na mpaka leo hajapiga. Najua jambo hilo litatusubiri mlangoni siku moja, na sina jibu lake.

Ajabu nyingine niliipata kwa jirani yangu, mke wa mfugaji Msukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake. Nilikuwa namsimulia mkasa huu kwa mara ya kwanza, nikijiandaa kupokea pole. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa mama, tatizo liko wapi? Mume wangu yuko na ng'ombe upande wa Malinyi tangu kiangazi. Tunaishi hivyo tangu anioe." Nikamwambia lakini wa kwake yuko kazini. Akainua mabega. "Wa kwako naye si yuko kwenye maji?" Nikashangaa kwamba katika bonde zima mtu wa kwanza asiyeshtuka ni yeye.

Mimi mwenyewe bado nashtuka. Nashtuka asubuhi nikigundua nimelala usingizi mzima. Nashtuka nikimkumbuka mume wangu katikati ya mchana, kwa hamu, kama msichana, mtu ambaye nilipokuwa naye nyumba moja nilikuwa napita kando yake nikitafuta ufagio. Simu yake ikichelewa namkasirikia. Ikija namjibu kwa kirefu.

Safari ya mwaka huu nimeshaiandaa. Mama mwenye nyumba wa Kilwa alinitumia kifurushi kupitia kwa dereva, ndani yake kuna gauni la kuogelea baharini, refu, lenye mikono na suruali yake, rangi ya bluu iliyoiva. Amesema safari hii nitaingia mpaka kifuani, na yeye atanishika. Nililifua jana nikalianika uani. Mdogo wangu alikuja kuazima chujio, akalikuta linapepea kwenye kamba, akaniuliza ni la nani. Nilipomwambia, akakaa chini hapo hapo kwenye majani, mikono kichwani, akasahau alichofuata.